Bustani ya mtaa yaliwa kipande kipande

Nilikuwa natoka msikitini, sala ya alfajiri imekwisha na kiza bado hakijatanduka vyema, nilipowaona watoto wawili wamesimama kwenye bustani ya mtaa wetu wakitazama juu. Walikuwa na majuzuu yao kifuani, wanakwenda chuoni. Nikadhani wanatazama kunguru. Kumbe walikuwa wakitazama nguzo za pembea. Nguzo zipo, minyororo haipo. Mmoja wao akanigeukia akaniuliza, "Ami, pembea imekwenda wapi?"

Nikamwambia aende chuoni asichelewe, kwa kuwa sikuwa na jibu jingine.

Ndugu msomaji, bustani ninayoitaja ni ndogo, haizidi viwanja vya nyumba mbili, nayo iko humu humu Kisiwani Mombasa. Mtaa sitautaja, kwa sababu utakayoiona mbele. Mgeni akipita hawezi kuiita bustani. Ataona mwarobaini mmoja mkubwa, mikungu miwili, sakafu ya saruji iliyopasuka na mbuzi wa jirani. Lakini sisi twaijua ilivyokuwa. Kabla ya mwaka 2016 palikuwa ni jaa. Watu wakitupa pale maganda, majivu, magodoro yaliyooza na paka waliokufa, na mvua za masika zikinyesha, maji yakiyachukua hayo yote na kuyaleta milangoni mwetu. Ndipo wazee wakakaa barazani, wakakubaliana, na kila nyumba ikatoa ilichojaliwa. Aliyekuwa na fedha alitoa fedha. Aliyekuwa hana alitoa mikono yake. Vijana walichimba, akina mama walipika pilau, na jaa likaondoka kwa muda wa wiki tatu. Fundi wa kuchomelea vyuma akatutengenezea pembea mbili na mabenchi manne. Mfereji wa maji ukavutwa. Taa ikatiwa kwenye nguzo.

Benchi moja katika hayo manne lina kisa chake. Bibi mmoja wa mtaani alilitoa kuwa sadaka jariya ya marehemu mamake. Alimwambia fundi aandike jina la marehemu kwenye mgongo wa benchi, na fundi hakuandika kwa rangi, aliliandika kwa moto wa kuchomelea, herufi zikatokeza juu ya chuma kama kovu. Kila alasiri mabibi wa mtaa wakilikalia benchi lile huku wakichambua mchele au wakisuka ukili, na aliyelisoma jina akimrehemu mwenyewe. Si jambo dogo hilo. Watu wengine hujengewa makaburi ya marumaru wasikumbukwe hata kwa mwezi mmoja.

Huenda mtu akauliza, kelele yote hii ya nini, na hali Mombasa ina bustani kubwa za kutosha? Ni kweli ziko. Iko Mama Ngina, iliyokuwa ikiitwa Azania Drive hapo zamani, yenye mibuyu yake mizee na upepo wa bahari, ambayo serikali iliitengeneza upya kwa kiasi cha Sh460 milioni, na sherehe za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba 2019 zikafanyiwa hapo. Nami ni katika watu wanaoipenda. Nani katika sisi hakulelewa na mihogo ya kukaanga ya Mama Ngina, yenye ndimu na pilipili, pamoja na dafu la kushushia? Siku ya Idi ukikosa kufika pale utadhani hukusherehekea. Lakini Mama Ngina ni pa Idi na Jumapili. Bibi mwenye magoti mabovu hawezi kwenda kule kila alasiri. Mtoto wa miaka sita hawezi kuvuka barabara mbili peke yake aende akapembee. Bustani ya mtu maskini ni ile iliyo mlangoni pake, ambayo mama akiwa jikoni aweza kuchungulia dirishani akamwona mwanawe.

Basi bustani hiyo ndiyo iliyoibwa. Haikuibwa usiku mmoja kama duka linavyovunjwa. Ilibebwa kidogo kidogo, kwa muda wa mwaka na zaidi, hata kila kipande kilipoondoka tukijiambia, "Ah, hiki tu."

Kilichotangulia ni mfereji. Ulikuwa wa shaba, wa namna inayong'aa. Tukatia wa plastiki, na huo haukuguswa mpaka leo, jambo ambalo lilitosha kutufahamisha mwizi wetu anataka nini. Ukafuata waya wa taa. Huu ulifukuliwa chini ya ardhi, ukavutwa kama mtu avutavyo utumbo wa samaki, na asubuhi tulikuta mfereo mrefu na kipande cha mpira mweusi kilichoungua nyuma ya ukuta. Kwa wasiojua, shaba nyekundu iliyo ndani ya waya ndiyo yenye thamani, na njia ya upesi ya kuipata ni kuuchoma mpira wake. Moshi wa moto huo ni sumu, nao huvutwa na mwizi mwenyewe kwanza kabla ya mwingine yeyote. Na shaba ina sifa moja ambayo wezi wote duniani wanaijua, kwamba ikiyeyushwa haina kumbukumbu. Waya wa taa ya bustani, waya wa simu, waya wa kengele ya skuli, ukishaingia tanuri hakuna awezaye kusema huu ulikuwa wa fulani.

Taa ilipokufa, bustani ikafa nusu. Hili nalisema kwa kuwa watu huhesabu hasara kwa bei ya kitu kilichoibwa, na hapo ndipo wanapokosea. Waya ule pengine uliuzwa bei ya kilo mbili za sukari. Lakini sisi tuliopoteza taa tulipoteza mikusanyiko ya usiku. Ramadhani zilizotangulia, baada ya tarawehe, uwanja ulikuwa ukijaa. Wazee na dhumna zao, vijana na keram, muuza kahawa na deli lake na kashata. Ramadhani ile ya kiza hakutoka mtu. Na mahali penye kiza pasipo watu hapakai hivi hivi. Kabla ya Mfungo Sita kuisha tulikuwa tukiokota sindano chini ya mwarobaini.

Kisha kikaondoka kifuniko cha shimo la maji machafu.

Hapa naomba nisimame kidogo. Kifuniko kile kilikuwa cha chuma cha kusubu, kizito hata watu wawili hukiinua kwa taabu, lakini chuma cha kusubu kina udhaifu wake: hakipindi, huvunjika. Ukikipiga kwa nyundo kubwa kinapasuka vipande vinavyoingia guniani. Tuliliona shimo li wazi siku ya Jumatatu. Tukasema tutalifunika. Mmoja akaweka tawi la mti kuwa alama. Wengine wakasema wataandika barua kwa wanaohusika. Sote tumesomeshwa chuoni kwamba kuondoa cha kudhuru njiani ni katika mambo ya imani, na sote tukapita kando ya shimo lile kwa siku nne, mimi nikiwa mmoja wao, asubuhi na jioni. Siku ya Ijumaa, watoto wakikimbilia mpira, mtoto mmoja wa miaka saba akaingia. Maji hayakuwa mengi, alhamdulillahi, lakini mguu ulivunjika mahali pawili. Babake ni mchukuzi wa mkokoteni. Miezi mitatu alimbeba mwanawe mgongoni kwenda na kurudi hospitali, na siku anayombeba mtoto habebi mzigo wa mtu, wala hapati kitu.

Shimo lilifunikwa jioni ya siku ile ile. Saruji mifuko miwili na nondo chache. Kazi ya saa mbili.

Baada ya hapo ndipo ikaja asubuhi ile ya minyororo, na wiki moja baadaye benchi la sadaka jariya nalo likatoweka, miguu yake ikikatwa kwa msumeno sawasawa na sakafu.

Mtu asidhani uovu huu ni wa mtaa mmoja. Kenya nzima imeuona. Vifuniko vya mashimo, nyaya za stima, ngao za kando ya barabara, hata mataluma ya reli hayakusalimika. Bunge lilitunga sheria ya vyuma vikuukuu mwaka 2015, inayomtaka mnunuzi awe na leseni na aweke daftari la kila anachonunua. Mwezi wa Januari 2022, baada ya minara ya nyaya kubwa za umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta aliipiga marufuku biashara hiyo yote. Miezi michache baadaye marufuku yakaondolewa, kwani ni kweli pia kwamba maelfu ya watu wanakula kwa halali katika kazi hiyo ya kuokota na kuuza chuma, na viwanda vinakihitaji. Sheria ipo basi. Lakini daftari la mnunuzi haliandiki yanayopita usiku kwa mlango wa nyuma.

Wala uovu huu si mpya. Wakati nikiyatafakari hayo nilikumbuka Gede. Wenyeji wale waliojenga mji ule wa mawe kule karibu na Malindi, karne nyingi kabla yetu, walipamba majengo yao kwa bakuli za kauri kutoka Uchina, wakizipachika ndani ya chokaa. Mji ukahamwa, msitu ukauficha. Ulipojulikana tena, mwanzoni mwa karne ya 20, waliokuja kuutazama walizibandua bakuli zile wakaenda nazo. Hadi serikali inautambua kuwa mahali pa historia mwaka 1927, nyingi zilikuwa zimekwisha kuondoka. Leo, tangu mwaka 2024, Gede imo katika orodha ya urathi wa dunia ya UNESCO, na wageni hulipa kuingia kutazama vishimo vya mviringo vilivyobaki kwenye chokaa. Waliobandua zile hawakuwa mateja. Walikuwa watu wenye viatu vizuri. Nalitaja hili kwa kuwa sisi twapenda kuamini mwizi ana sura moja tu.

Nirudi kwenye benchi. Siku ya tatu, kijana mwendesha tuktuk akaja akatuambia ameliona. Liko katika uwanja wa mnunuzi wa vyuma, mtaa mwingine. Tukaenda watu watatu, mimi, imamu wetu mdogo, na yule mchukuzi wa mkokoteni ambaye hakualikwa lakini alitufuata. Ni mahali palipozungushiwa mabati, ndani mna mizani, na milima: mlima wa mabati, mlima wa mabirika, mlima wa baiskeli. Benchi lilikuwa juu ya mlima mmoja, limekatwa vipande viwili, na jina limekatikia katikati. Nusu ya jina la marehemu ilikuwa inasomeka.

Tukamtolea salamu mwenyewe, akaitikia vizuri. Ni mtu wa makamo, kofia kichwani, nami nimemwona mara nyingi safu za mbele siku ya Ijumaa. Imamu akamwambia kwa upole kwamba lile benchi ni mali ya watu, limeandikwa jina. Yule bwana akasema neno ambalo halijanitoka kichwani: "Maalim, mimi sinunui benchi. Mimi nanunua kilo."

Mchukuzi akataka kumrukia, tukamzuia. Baada ya maneno marefu tulilinunua benchi letu, kwa kilo, kwa bei aliyolinunulia yeye ati asipate hasara. Na kwa kuwa aliona aibu kidogo, au pengine kwa kuwa aliogopa polisi, akatutajia aliyemletea.

Sitamtaja. Ndiyo sababu sikuutaja mtaa. Ni kijana wetu, mama yake twamjua, babu yake alikuwa akiadhini. Mwaka ule wa 2016 alikuwa na miaka kumi na sita, na yeye ndiye aliyekoroga saruji iliyoshika miguu ya benchi lile. Alijua basi msumeno upite wapi. Baadaye alifanya kazi kwenye lori la masafa, kisha akaingia kwenye unga, na mengine wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa, kwani hakuna ukoo hapa ambao haujapelekewa barua hiyo tangu unga ulipoanza kuingia miji yetu miaka ya 1980.

Usiku wake tukakaa barazani. Maneno yalikuwa mengi. Wako waliosema akabidhiwe polisi asubuhi. Wako waliosema apigwe kwanza, kisha ndio polisi, na hao walikuwa vijana wenziwe aliocheza nao mpira. Nami nimeona mtu akipigwa kwa ajili ya kuku, na kuku akapatikana mzima baada ya mtu kuzikwa, kwa hivyo nilisema hapana, na wazee wakaniunga mkono. Mamake kijana alikuwapo, amekaa nyuma karibu na mlango, hakusema lolote. Kila mtu alisema akimkwepa kwa macho.

Mwishowe mzee mmoja akapendekeza aulizwe mwenye benchi. Akimsamehe, tusamehe, asiposamehe, polisi. Tukaona ni haki. Akatumwa mtu, yule bibi akaja na mkongojo wake, akakaa. Imamu akamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi mwaniuliza nini? Benchi si langu. Nilikwisha kulitoa. Ningekuwa na haki ya kulisamehe, ningekuwa sikulitoa." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Kama mwataka wa kumwuliza, muulizeni yule mtoto wa mguu."

Baraza zima likanyamaza. Hata imamu, aliyesoma, alitazama chini, kwani bibi asiyejua kuandika jina lake alikuwa ametusomesha mas-ala ya wakfu: kitu kikishatolewa kwa Mungu hutoka mkononi mwa mtoaji, na aliyekiiba hakumwibia mtu mmoja.

Tukamwuliza basi babake mtoto, kwa niaba yake. Yule mchukuzi, ambaye mchana alitaka kumrukia mnunuzi, alikaa kitambo. Akasema mwanawe ameanza kutembea. Akasema hataki mtoto wa mtu afe kwa ajili ya kifuniko. Lakini akasema pia, na hili alilisema kwa ukali, kwamba hataki kusikia neno "tumesamehe" kisha kila mtu akalale. Kijana apelekwe mahali.

Mahali papo. Kliniki za methadoni zilianza Kenya mwishoni mwa mwaka 2014, na kwa upande wa pwani Malindi ilitangulia mwaka 2015, kisha Mombasa ikafuata. Ni dawa inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu, humtoa mtu kwenye sindano pole pole, wala si muujiza. Ina taabu yake. Ukikosa siku, mwili unalia. Kijana huyo alikubali kwenda. Alikwenda miezi miwili, akaacha, akarudi tena. Wakati ninapoandika haya anakwenda. Mamake huamka naye.

Kabla watu hawajaondoka usiku ule, nilisema na langu, nami nalisema hapa kwa kuwa si haki kuandika ya wenzangu nikaficha yangu. Miaka ya nyuma nilipokuwa nikijenga tangi la maji juu ya paa, alikuja kijana na mabomba matatu ya chuma begani, mazuri, bei ya kuokota. Sikumwuliza ameyatoa wapi. Nilifurahi, nikampa chai. Mabomba hayo yako juu ya paa langu mpaka leo, na kila nikifungua maji nayasikia. Kumbe barazani pale hatukuwa mmoja. Mwenzangu ana geti, mwingine ana mfuniko wa kisima. Aliyecheka alikuwa mamake kijana, na kilikuwa kicheko kibaya.

Sasa bustani ikoje? Taa ipo, ya jua, imefungwa juu ya ukuta wa msikiti na hutegemea macho ya mwadhini. Mabenchi mapya ni ya saruji, na yale ya chuma yaliyosalia tumeyapaka rangi nyekundu ya kutisha ili yasiuzike upesi. Benchi la sadaka jariya limechomelewa tena na fundi yule yule. Kiungo kinaonekana, kimepita katikati ya jina. Bibi alipoulizwa kama apewe jipya alikataa. Wako wanaotaka tuzungushe ua na kufuli. Mimi nimepinga, kwa sababu ufunguo utakaa kwa mtu mmoja, na mtu huyo siku moja ataona watoto wanapiga kelele nyingi mno. Mjadala haujaisha, na Ijumaa ijayo tutakaa tena.

Ama pembea, minyororo hatukurudisha. Tumetia kamba ya nanga, nene, tuliyopewa na nahodha mmoja. Mzee mmoja mstaafu wa bandari, anayejua mafundo, huitoa nyumbani kwake baada ya alasiri akaifunga, na maghribi ikiadhiniwa huifungua akaikunja begani akaenda nayo. Juzi alikuwa na homa. Nilipita mlangoni pake saa kumi nikawakuta watoto wanane wamekaa kwenye kizingiti, kimya, wakingoja, na yule wa mguu akiwa wa kwanza kwenye safu.